Nimesomea dansi lakini kuimba kumenishinda: nianzie wapi katika tamthilia za muziki hapa Uganda?

Mchezaji wa Jinja

Salamu kwenu nyote. Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Jinja, na nilikulia katika nyumba za askari ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa makabila mbalimbali, kwa hiyo naomba niulize kwa lugha hii. Nilianza kucheza nikiwa shule ya msingi, kwenye mashindano ya muziki, dansi na drama. Mwalimu wetu alitufundisha tamenhaibuga ya Wasoga, runyege ya Wanyoro na Watoro, na larakaraka ya Waacholi, tena kwa ukali ambao hadi leo miguu yangu inaukumbuka. Baadaye nilisomea dansi chuoni, nikapata dansi ya kisasa pamoja na misingi ya ballet, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikicheza nyuma ya wanamuziki kwenye matamasha na katika video zao.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye usaili wa tamthilia ya muziki mjini Kampala. Sehemu ya dansi niliivuka bila taabu, hata mbunifu wa dansi akanitoa safu ya nyuma na kuniweka mbele. Kisha kila mmoja wetu akaambiwa aimbe kipande kifupi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba radhi, pumzi ikaniishia kabla ya mstari wa pili kwisha, na nilipotakiwa niuimbe mstari uleule huku nikicheza hatua nilizokwisha kuzikariri, nilisahau maneno na hatua kwa pamoja. Sikuitwa tena.

Naomba ushauri wa wale waliokwisha kuipita njia hii. Je, nimtafute kwanza mwalimu wa sauti, au nianze na uigizaji? Je, mcheza dansi ambaye si mwimbaji hodari anaweza kupata nafasi yoyote katika tamthilia hizi? Na je, hapa kwetu zipo za kutosha hata mtu azitolee jasho, au ninafukuza kitu kilichoko New York na London peke yake?

---

Mwalimu wa Sauti

Dada, pole kwa siku hiyo, ingawa naona imekuonyesha kasoro ambayo wengine huitafuta kwa miezi kadhaa.

Mimi hufundisha sauti, na miongoni mwa wanafunzi wangu wamo wacheza dansi waliokuja na kilio kama chako. Karibu kila mara nimekuta kwamba sauti ipo, ila imefungwa na mafunzo yenyewe ya dansi. Mwalimu wa ballet humwamuru mwanafunzi avute tumbo ndani, afunge mbavu na ainue shingo, na amri hizo hurudiwa mpaka mwili uzitii hata mtu akiwa ameketi anakunywa chai. Kuimba kunataka kitu kingine. Unapovuta pumzi, kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka. Vilivyo chini yake husogea mbele kidogo, na mbavu za chini hupanuka kwa kando. Tumbo likiwa limekazwa kama ngozi ya ngoma, kiwambo hakipati pa kushukia, hewa huishia juu kifuani, mabega hupanda, na mwimbaji huuanza mstari akiwa na nusu tu ya pumzi anayoihitaji. Nadhani hicho ndicho kilichokupata kwenye mstari wa pili.

Anza kwa kulala chali sakafuni na kitabu juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa mapigo manne na ukione kitabu kikiinuka, kisha itoe hewa kwa sauti ya «sss» iliyo sawasawa kwa mapigo kumi na sita. Ukizoea, fika ishirini, kisha ishirini na manne. Wewe umezoea kuhesabu, kwa hiyo zoezi hili halitakuchosha kama linavyowachosha wengine. Baada ya hapo tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, ukipanda na kushuka na sauti, kwa sababu midomo haiwezi kutetemeka pumzi ikikatika, na hivyo zoezi lenyewe hukuambia ulipokosea. Fanya hayo kwa robo saa kila siku, na usiruke kwenda kwenye nyimbo kubwa kabla ya wiki tatu au nne kupita.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kuiunganisha pumzi na mwendo. Chukua ubeti mmoja, uandike kwenye karatasi, na utie alama ya penseli kila mahali utakapovuta pumzi. Uimbe umesimama, kisha ukitembea, kisha ukiruka kamba polepole. Ukifika kwenye hatua za dansi, zicheze kwanza kwa nusu ya nguvu, na uamue ni hatua ipi itakayobeba pumzi ipi. Mcheza dansi aliyefundishwa vizuri anajua mguu wake wa kushoto utakuwa wapi kwenye pigo la saba. Basi na ajue pia hewa itaingia kwenye pigo gani. Msipopanga hivyo, mwili unaofanya kazi ngumu utajivutia pumzi unapotaka, na mara nyingi utaichukua katikati ya neno.

Kuhusu mahali, mwenye uwezo wa kulipa anaweza kwenda Kampala Music School akajifunza sauti na kusoma muziki kwa utaratibu. Asiye na uwezo ajiunge na kwaya. Kwaya nyingi za makanisa yetu husoma nyimbo kwa solfa, yaani do, re, mi, na mtu akikaa katika sauti ya pili kwa mwaka mmoja, akishikilia noti yake huku jirani yake akiimba nyingine, sikio lake hukomaa kuliko la yule anayejiimbia peke yake bafuni. Uigizaji nao usiuweke kando mpaka sauti ikamilike. Vifanye pamoja, kwa sababu wimbo wa tamthilia huimbwa na mhusika anayetaka jambo fulani kutoka kwa mtu fulani, na anayeimba bila kujua anataka nini hata pumzi yake hupotea njia.

---

Nyuma ya Pazia

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu pumzi. Mimi nimesimamia jukwaa na mazoezi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu lile swali la kama pana nafasi kwa mcheza dansi asiyeimba vizuri.

Zamani nafasi hiyo ilikuwa pana. Huko Marekani, ambako tamthilia ya muziki ilipata umbo tunalolijua leo, ilikuwa kawaida onyesho moja kuwa na kundi la waimbaji na kundi jingine la wacheza dansi. Mwaka 1943 Agnes de Mille alipobuni dansi ndefu ya ndoto katika Oklahoma!, wapenzi wawili wa hadithi walichezwa ndotoni na wacheza dansi, huku waliokuwa wakiimba nafasi hizo wakipumzika. Mwaka 1957 Jerome Robbins aliongoza West Side Story akataka vijana walewale wa magenge waimbe, waigize na wacheze, na tangu wakati huo mlango wa mtu mwenye kipaji kimoja umezidi kuwa mwembamba. Hapa Kampala sababu ni rahisi zaidi: fedha ni chache, na anayeandaa onyesho hawezi kuwalipa watu wawili kwa kazi ambayo mmoja anaweza kuifanya.

Hata hivyo, mcheza dansi huingilia mahali ambapo mwimbaji haingii kwa urahisi, nako ni kwenye kundi. Watu wa kundi hubadilisha mavazi mara sita, huwa wanakijiji katika tendo la kwanza na wageni wa harusi katika la pili, na huimba kwa pamoja, kwa hiyo sauti ya wastani iliyo katika ufunguo sahihi, yaani kimo cha sauti cha wimbo, inatosha kabisa. Ndani ya kundi kuna mchezaji wa akiba, ambaye hujifunza nafasi za watu kadhaa ili mmoja akiugua au akiteguka kifundo saa kumi jioni, yeye aingie saa moja usiku bila mtazamaji kutambua lolote. Kuna pia nahodha wa dansi, anayelinda hatua zisiharibike baada ya mbunifu kuondoka. Kazi hizi mbili zinamtaka mtu mwenye kumbukumbu ya mwili, na kumbukumbu hiyo wewe unayo. Ningekuwa mimi, ningeitaja mapema katika maelezo yangu ya usaili badala ya kungoja kuulizwa.

Kuhusu usaili wenyewe, andaa nyimbo mbili zinazotofautiana, mmoja wa taratibu na mmoja wa kasi, na kila mmoja uwe na kipande kifupi kilichokatwa tayari. Nje huomba baa 16 au 32, baa ikiwa ni kipande kidogo cha wimbo chenye mapigo machache. Wacheza dansi hushtuka wakisikia hesabu hiyo, lakini baa 16 zenye mapigo manne kila moja ni mapigo 64, yaani mara nane ya ile hesabu yetu ya moja hadi nane, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ni sekunde 32 tu. Kwa hiyo usianze na ubeti wa kwanza unaojitambulisha polepole. Chagua mahali ambapo wimbo umekwisha kupata moto. Pakiwa na mpiga kinanda, usimpigie vidole kumwonyesha mwendo: mwimbie mstari wa kwanza kwa sauti ya chini, naye ataelewa mara moja. Mara nyingi hapa kwetu hakuna kinanda, unaambiwa uweke ala kwenye simu, yaani muziki wa wimbo usio na sauti ya mwimbaji, basi hakikisha ufunguo wake unakufaa wewe, maana ala nyingi zilizoko mtandaoni ziko katika ufunguo wa mwimbaji wa kwanza wa wimbo huo, na huyo anaweza kuwa na koo la chuma.

Kuna jambo jingine ambalo halikutajwa. Wacheza dansi wanaotoka kwenye video za muziki huja na sura moja usoni, ile ya kujitazama kwenye kioo, na hudumu nayo kutoka mwanzo wa onyesho hadi mwisho. Kwenye video inakubalika. Kwenye tamthilia, msichana anayecheza kwenye msiba wa baba yake akiwa na sura hiyo huwafanya watazamaji wacheke, nami nimesikia kicheko hicho nikiwa nyuma ya pazia.

Mwisho ni la malipo, na hili nalisema kwa uchungu. Kundi moja ambalo sitalitaja lilitufanyisha mazoezi ya miezi miwili kwa ahadi ya kulipwa baada ya maonyesho, kisha tukaambiwa viingilio havikutosha. Omba karatasi yenye sahihi kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi kwisha, hata kama mwongozaji ni mtu wa kwenu.

---

Mzee wa Bombo

Binti yangu, wenzangu wamekushauri vizuri, lakini swali lako la mwisho limeniumiza kidogo, nami nitalijibu kwa urefu.

Unauliza kama unafukuza kitu kilichoko New York na London. Jumba letu la National Theatre lilifunguliwa mwaka 1959, na katika miaka ya sabini Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa jumba hilo, alikuwa akiandika michezo ya Kiganda ambayo ndani yake nyimbo ndizo zilizosukuma hadithi. Oluyimba lwa Wankoko, ambao muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya, ulipelekwa Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Kawadwa aliuawa mwaka huohuo, katika utawala wa Amin, baada ya kurudi nyumbani. Mtu haui mtunzi wa kitu kisichokuwepo.

Robert Serumaga naye, kwenye Renga Moi ya mwaka 1972, aliichukua hadithi ya Waacholi akaisimulia kwa lugha kadhaa za Uganda, kwa nyimbo na kwa miili ya waigizaji, kiasi kwamba asiyejua hata lugha moja kati ya hizo aliweza kuifuata. Mwaka 1987 Rose Mbowa wa Makerere alizikusanya ngoma za pande mbalimbali za nchi akazisuka kuwa mchezo mmoja, Mother Uganda and Her Children. Wapo pia Ebonies wa Jimmy Katumba, ambao watu waliwajua kwa nyimbo kabla ya kuwajua kwa tamthilia. Ukienda Ndere Cultural Centre, upande wa Ntinda, utakuta kikundi kilichoanzishwa mwaka 1984 ambacho hadi leo huunganisha ngoma, nyimbo na masimulizi mbele ya watu wanaokula chakula cha jioni. Sasa niambie hiyo ni nini kama si hicho unachokitafuta.

Nina jambo la pili. Umesema kwamba ulicheza larakaraka. Nani alikuwa akiimba mlipokuwa mkicheza? Je, si ninyi wenyewe, na nusu ya kibuyu mkononi mkiigonga kwa spoku za baiskeli? Na kwenye runyege, mvulana aliyefungwa njuga miguuni hakuwa mcheza dansi na mpiga ala kwa wakati mmoja? Uliyafanya yote matatu ukiwa mtoto, na hakuna aliyekuambia kwamba ni magumu. Waliokufundisha baadaye ndio waliokufunga mdomo. Hilo mimi silihesabu kuwa maendeleo.

---

Nyuma ya Pazia

Shikamoo, Mzee. Historia hiyo siipingi hata kidogo, na vijana wengi wanaofika kwenye mazoezi hawajawahi kulisikia jina la Kawadwa, jambo ambalo ni aibu yetu sisi tuliowatangulia. Ila naomba nitofautiane nawe mahali pamoja. Katika larakaraka kundi zima linaimba, kwa hiyo mmoja akinyamaza ili avute pumzi, wimbo haupungui kitu, kwa sababu jirani yake ameushika. Katika tamthilia anaweza kubaki peke yake katikati ya jukwaa na mistari minne, na pumzi ya kuazima haipo. Ngoma zimempa uvumilivu na masikio, nakubali, lakini hilo la kubeba mstari peke yako bado linataka kufundishwa.

---

Mzee wa Bombo

Marahaba. Hapo umenipata, mwanangu. Lakini kila ngoma ina mwanzishaji, yule anayetoa wimbo ili wengine waitikie. Basi na aende kwa kikundi cha ngoma aombe kuwa mwanzishaji kwa msimu mmoja, tuone kama hatajifunza kuubeba mstari peke yake.

---

Mchezaji wa Jinja

Nawashukuru nyote, na wewe Mzee nakuomba radhi. Swali langu lilitokana na kutojua.

Nimelifanya zoezi la kitabu kwa siku tano. Siku ya kwanza kitabu hakikuinuka kabisa, nikacheka peke yangu sakafuni. Leo kinainuka, na nimefika mapigo kumi na nane.

Nina tatizo moja ambalo niliona haya kulitaja mwanzoni. Mimi ni Mwislamu, na kwaya ya kanisa si mahali ninapoweza kwenda bila kuleta maneno nyumbani. Ada ya kujifunza sauti kila wiki nayo siimudu kwa sasa. Nilikuwa nikiimba kasida madrasa hadi nilipofika miaka kumi na minne, na kwenye Maulidi mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele na wenzangu wakiitikia, lakini sikuwahi kuihesabu hiyo kuwa kuimba, kwa sababu hatukuwa na kinanda wala noti.

---

Mwalimu wa Sauti

Dada, ungeanza na habari hiyo! Msichana aliyesimama mbele kwenye Maulidi, akatoa ubeti mbele ya uwanja uliojaa watu, tena bila kipaza sauti cha maana, amekwisha kufanya jambo ambalo Mzee anataka ukalitafute kwenye ngoma na Nyuma ya Pazia anasema linataka kufundishwa. Kasida ina mistari mirefu, na ukiikata pumzi katikati ya neno maana huharibika, kwa hiyo mwalimu wako wa madrasa alikufundisha mahali pa kuvuta pumzi, ingawa labda hakuita hivyo.

Basi fanya hivi. Mazoezi ya sakafuni yaendelee. Chukua kasida moja unayoikumbuka vizuri na uiimbe nyumbani umesimama, ukijirekodi kwa simu, ili usikie sauti yako ilivyo pale ambapo huogopi. Kisha chukua wimbo wa usaili, wa Kiganda au wa Kiingereza, ulio katika eneo lilelile la sauti, wala usipande juu yake kwa miezi mitatu ya kwanza. Kasida yenyewe usiipeleke kwenye dansi wala usaili. Ni ibada, iachie heshima yake. Kinachohama ni pumzi tu. Kwa upande wa kuimba na wengine, vikundi vya ngoma havikuulizi dini, na ushauri wa Mzee wa kuwa mwanzishaji nauunga mkono, hasa katika larakaraka unayoijua tayari, kwa sababu huko utaimba ukiwa unacheza na hutakuwa na muda wa kuvuta tumbo ndani.

Solfa nitakufundisha mwenyewe. Niandikie faraghani, tupange saa moja kila Jumamosi asubuhi. Badala ya ada, utawafundisha wanafunzi wangu wawili wa tenor, ile sauti ya juu ya wanaume, namna ya kusimama, maana wanaimba kama nguzo za umeme.

---

Nyuma ya Pazia

Ukirudi kwenye usaili mwingine, wakikwambia uimbe huku ukicheza, omba kwanza dakika moja ya kupitia hatua kwa nusu ya nguvu huku ukisema maneno bila sauti. Karibu kila mwongozaji huikubali, na ni wachache wanaoiomba.